Siku Tuliyomcheka Jenerali kwa Utaratibu

Ofisi ya Utulivu wa Bonde, yenye makao yake Ifakara, inawatangazia wananchi wote, wakulima kwa wafugaji, wavuvi kwa wakata miwa, kwamba adui amepatikana. Hajakamatwa. Amepatikana kwenye video. Kwa hiyo wananchi wanatakiwa kufika Jumamosi saa nane mchana katika ghala la mpunga pale Kiberege ili kumcheka. Kucheka kutaanza baada ya hotuba. Atakayecheka kabla ya hotuba atahesabika kuwa amecheka kwa gharama zake mwenyewe.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Nickolaus, Afisa Habari wa Ofisi na Katibu wa Kamati ya Dhihaka. Sipendi kujisifu, lakini wapo watu waliolisoma ubaoni wakarudi kulisoma tena, na mmoja aliita wenzake.

Adui mwenyewe ni Dionisi, mzaliwa wa Katindiuka, aliyekuwa akiuza samaki kwa baiskeli. Mwaka huu alichoka na samaki, akajiita Jenerali Radi, akavuka mto na wenzake sita, akajichimbia kwenye matete na kutangaza kwamba bonde lote la Kilombero ni nchi yake. Tangu atangaze hivyo ameteka mitumbwi miwili, jogoo mmoja na spika ya kwaya. Vilevile alikuwa anarusha video kwenye simu za watu, amevaa kofia nyekundu na miwani ya jua, bunduki mkononi, muziki mzito nyuma yake. Wananchi walianza kumwogopa, na baadhi walianza kumpenda, jambo ambalo kiutawala ni baya zaidi.

Ndipo mgambo wetu wakakuta mtumbwi umenasa kwenye matete. Jenerali na wenzake walikuwa wamesharuka majini. Ndani kulikuwa na bunduki, sufuria ya ugali ambao bado ulikuwa wa moto, na simu ya Jenerali. Ugali haukufika ofisini. Simu ilifika, na ndani yake tukakuta vile vipande ambavyo Jenerali alikuwa anavikata kabla ya kurusha video zake.

Niliviangalia pamoja na Mratibu Mkuu wetu, Mheshimiwa Stanislaus, tumefunga mlango. Jenerali anaonekana amesimama kwenye kichuguu. Anapiga kitako cha bunduki makofi matatu. Anailenga milima ya Udzungwa, anafumba macho yote mawili, kisha anapaza sauti: "Pa!" Bunduki kimya. Anaitazama. Anasema "Pa!" kwa nguvu zaidi. Sauti ya mtu asiyeonekana inamwambia, "Jenerali, kuna kitu cha kuvuta hapo chini." Jenerali anajibu, "Najua." Anasimamisha bunduki chini, mdomo wa bunduki juu, anauegemezea kidevu na kuwaza. Mwisho mwenzake anakuja kumsaidia, wanagombea, bunduki inalia yenyewe, bata maji wanaruka, na Jenerali anaanguka mtoni. Kofia inabaki inaelea.

Mheshimiwa Stanislaus alicheka mpaka akashika meza. Kisha akakumbuka cheo chake, akanyamaza, akaita kikao.

"Adui anayeogopwa ana jeshi," alituambia. "Adui anayechekwa ana tatizo. Naunda Kamati ya Dhihaka."

Kamati ilikaa. Tulikubaliana kwamba kicheko kikiachwa kiholela kinaweza kuelekea popote, hata huku kwetu. Tukamteua Mama Febronia, mwalimu wa kwaya na mwenye ile spika iliyotekwa, awe Msimamizi wa Kicheko. Alitaka sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Akachagua watu, akawafanyisha mazoezi, na baada ya muda mfupi Ofisi ikawa na kicheko safi chenye mwanzo, katikati na mwisho. Wazee wa besi walikuwa wananitoa machozi.

Lilibaki jambo moja dogo. Taarifa inayokwenda kwa wakubwa ina sehemu inayouliza: "Nani alimfundisha adui silaha?" Sehemu hiyo haiwezi kuachwa wazi. Wakubwa wakiona pengo wanadhani tumelala. Kwa bahati njema tulishampata mtu. Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe zake, alikutwa njia ya kijiji cha Kisawasawa amebeba fimbo mabegani. Mgambo waliripoti kwamba aliibeba kwa namna ya kitaalamu. Tukamweka kwenye stoo ya zamani ya mbolea nyuma ya ofisi, na Jumatatu alikuwa apelekwe Morogoro kushtakiwa. Kesi ya kufundisha uasi haina dhamana. Mtu akienda nayo, watoto wake wanamzoea kwenye picha.

Mkewe, Philomena, Mpogoro wa Katindiuka, alikuwa analeta chakula kila mchana. Mwanamke mwembamba, mpole wa kutisha. Siku ya Alhamisi alimkuta Mheshimiwa barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeleta chakula?"

"Cha mume wangu, baba. Na ng'ombe wamebaki na mimi peke yangu, jana wameingia kwenye mpunga wa watu. Sasa nilikuwa na swali. Nasikia mna video, yule Jenerali hajui bunduki."

"Hajui kabisa!" Mheshimiwa alifurahi. "Mama, njoo Jumamosi. Utavunjika mbavu."

"Hajui hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

"Haya. Sasa baba, mume wangu alimfundisha nini?"

Mtu mdogo angebabaika pale. Mheshimiwa alikohoa, akaangalia milima, akarudi na jibu.

"Alimfundisha vibaya. Na kufundisha vibaya, mama, ni kosa kubwa kuliko kufundisha vizuri. Kunahatarisha kila mtu, hata adui mwenyewe."

Nilisikia fahari kufanya kazi chini ya mtu wa namna ile. Philomena aliinamisha kichwa kama anayehesabu vifaranga.

"Kwa hiyo mwenye kesi ni yule aliyemfundisha huyu kijana haya mambo ya kwenye video."

"Huyohuyo."

"Awe nani awe nani?"

"Awe nani awe nani. Sheria haichagui sura."

"Kaka katibu, umesikia?" Aligeuka kunitazama. Nikasema nimesikia, maana nilikuwa nimesimama palepale. "Asante baba. Nitakuja kuiangalia hiyo video."

Mheshimiwa alimsindikiza kwa macho, akaniambia, "Unaona? Mwananchi akieleweshwa anaelewa."

Jumamosi ghala lilijaa mpaka mlangoni. Msimu huu mpunga ulikuwa umeshauzwa, kwa hiyo palikuwa na nafasi na magunia matupu ya kukalia. Walikuja wakulima wa Kiberege, wazee wa Kisukuma na kofia zao pana, vijana wa mashamba ya miwa waliokuwa zamu ya mapumziko, na akina mama wenye karanga. Madirisha tuliyaziba kwa maturubai ili picha ionekane ukutani. Nkwabi tulimkalisha mbele, mikono imefungwa, ili aone aibu ya kazi yake. Philomena alikaa nyuma yake na chombo cha chakula mapajani.

"Huyo ndiye Jenerali?" Nkwabi aliniuliza picha ilipotokea.

"Usijifanye humjui," nikamwambia.

"Mimi hata bunduki yenyewe naiona leo. Ni fupi. Na fimbo ya ng'ombe ni ndefu kuliko hiyo."

Hotuba ilisomwa yote. Kisha Mheshimiwa akashika kipaza sauti na kijiti cha kuelekezea, na onyesho likaanza. Jenerali alipanda kichuguu, akateleza kidogo. Mama Febronia akainua mkono: sauti ya kwanza ikacheka, ya pili ikapokea, besi ikafunga. Ulikuwa ni mwanzo mzuri mno. Niliona Mheshimiwa anafumba macho kwa raha.

Hapo Jenerali akapiga kitako cha bunduki makofi matatu.

Na ndani ya ghala, kwenye giza, nikasikia makofi matatu. Yalikuwa mengi, ya pamoja, kwenye mapaja ya watu. Nilishangaa, nikatazama chini ili nifikiri. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya paja langu.

Hapa inanibidi nieleze jambo la kiufundi. Ofisi yetu hutoa mafunzo ya mgambo kila kiangazi kwenye uwanja wa Katindiuka, na nusu ya wanaume wa bonde wamepita pale. Bunduki za kweli zina hatari ya kulipuka, kwa hiyo tunatumia mipini ya majembe. Mpini hauna risasi wala kifyatulio, na mafunzo yamerekebishwa kulingana na zana zilizopo. Mwalimu akisema "Jaza!" unapiga mpini makofi matatu. Akisema "Lenga!" unafumba macho, yote mawili, kwa ajili ya utulivu wa akili. Akisema "Piga!" unasema "Pa!" kwa sauti. Asiyesema kwa nguvu anarudia. Wakati wa kupumzika unausimamisha mpini na kuuegemezea kidevu. Mwaka wangu mimi niliongoza darasa zima kwa kusema "Pa." Na mwalimu wa mafunzo hayo, tangu yaanzishwe, ambaye hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo kwa jinsi anavyoipenda, ni Mheshimiwa Stanislaus.

Ukutani Jenerali akafumba macho. "Pa!"

"Pa!" ghala zima likaitikia. Njiwa waliokuwa kwenye mapaa ya bati waliondoka.

Kisha mzee mmoja wa besi akasema taratibu, "Jamani. Hii si mgambo yetu hii?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa kwenye ratiba. Hakikuwa na sauti nne wala mwanzo. Watu waliviringika kwenye magunia. Kijana mmoja wa miwa alikuwa anampiga mwenzake mgongoni, "Oya, ndo yenyewe! Kidevu! Cheki kidevu, mwana!" Mama Febronia alipunga mikono yote miwili kuwatuliza, halafu nikaona mikono imeshuka na mabega yanamtikisika. Msimamizi wa Kicheko alikuwa anacheka bila kibali.

Mheshimiwa hakubabaika. Kiongozi wa kweli anaonekana mambo yakiharibika.

"Tulieni!" alisema kwenye kipaza sauti. "Adui ameiga vibaya! Ameiba elimu yetu akaiharibu! Sasa nitawaonyesha namna sahihi."

Akaichukua ile bunduki iliyokamatwa kwenye mtumbwi, ambayo tulikuwa tumeileta kama kielelezo, risasi zimeshatolewa. Akasimama wima, kifua mbele. Kwa kweli alipendeza. Akajiamuru mwenyewe, "Jaza!" na kuipiga makofi matatu. "Lenga!" Akafumba macho. "Piga!"

"Pa!" alisema Mheshimiwa, na spika za Ofisi zikalipeleka neno hilo mpaka barabarani.

Nimehudhuria harusi, mahafali na sherehe za wakulima, lakini sijawahi kuona watu wamefurahi vile. Mheshimiwa alingoja watulie. Na katika kungoja, kwa mazoea ya miaka, akaisimamisha bunduki chini na kuegemeza kidevu kwenye mdomo wa bunduki. Mama mmoja wa karanga alitolewa nje akapepewe.

Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama mtu aliyevaa koti la mvua na kofia ya ukindu. Alikuwa hacheki. Alikuwa na uchungu wa kweli.

"Mnanicheka nini?" alisema. "Nimekosea nini? Si nimefanya kama nilivyofundishwa?"

Akavua kofia. Alikuwa Dionisi, Jenerali Radi mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba alisikia picha yake inaonyeshwa mbele ya ghala zima akashindwa kukaa mtoni. Tena alikuwa na njaa, maana ugali wake tuliuteka.

Mgambo wote sita waliokuwa mlangoni walimtazama Mheshimiwa wakisubiri amri. Mheshimiwa alifungua mdomo kutoa amri. Lakini Dionisi, pamoja na uasi wake wote, amelelewa. Alimwona mwalimu wake, akashusha macho, akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

Sasa nawaomba wanaomlaumu Mheshimiwa wajiweke mahali pake. Shikamoo haiachwi ikining'inia hewani. Mtu mzima wa huku hajui kutoiitikia. Inaitikiwa na mdomo wenyewe kabla kichwa hakijapata habari.

"Marahaba, Dionisi," alisema Mheshimiwa, kipaza sauti kikiwa wazi. "Hujambo? Umepotea sana."

Mgambo wakatazamana.

"Sijambo mwalimu," alisema Dionisi. "Mwalimu, kuna kitu kimoja kinanisumbua tangu nilipoanza vita. Ile bunduki, mbona ukisema 'Pa' hailii?"

Nilimwombea Mheshimiwa anyamaze. Namheshimu, nilimwombea kwa moyo wangu wote. Lakini ualimu ukishamwingia mtu hautoki.

"Hukusema kwa nguvu," alimjibu.

Safari hii watu hawakucheka mara moja, kwa sababu Philomena alikuwa amesimama. Alimkabidhi jirani chombo cha chakula, akafunga khanga vizuri kiunoni.

"Baba," alisema, kwa upole uleule. "Mwalimu wake tumemsikia, ameitikia mwenyewe. Alhamisi ulisema mwenye kesi ni aliyemfundisha huyu kijana vibaya, awe nani awe nani. Sasa naomba mume wangu. Jumatatu haendi Morogoro."

"Mama, lile lilikuwa ni suala la kiutawala," Mheshimiwa alianza.

"Kaka katibu alikuwepo. Kaka katibu, baba alisemaje?"

Watu wote wakanigeukia. Mgambo wakanigeukia. Nkwabi naye alinigeukia, mikono yake imefungwa, na usoni mwake hakukuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anangoja tu, na hilo lilinikera kuliko kama angenitukana. Niliogopa. Lakini mimi ni mtu wa taratibu.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwenye taarifa sehemu ya mkufunzi ni moja. Haiwezi kubeba majina mawili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mmoja inabidi atoke."

Nilimhurumia sana. Wakati huohuo nilikumbuka kwamba kwa muundo wa Ofisi yetu, Mratibu Mkuu akiwa na udhuru, anayekaimu nafasi yake ni Katibu. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kabla ya hapo, au nililifikiria kidogo tu.

Niliandika jina la Mheshimiwa kwenye taarifa, na kamba za Nkwabi zikafunguliwa mbele ya watu. Alisugua mikono, akasema "Wabeja," yaani asante kwa kwao, akamwambia mgambo aliyemfungua kwamba fundo lake ni zuri, litafaa kwa ndama. Philomena alikaa chini kwenye gunia, akafunika uso kwa khanga, akalia kwa raha mpaka akamaliza. Dionisi alijisalimisha kwa masharti mawili: apewe chakula kwanza, na spika ya kwaya ipokelewe rasmi kwa maandamano. Mama Febronia alikubali yote mawili akiwa bado anafuta machozi.

Tulirudi Ifakara jioni ileile na kwenda moja kwa moja kwenye stoo ya mbolea. Nkwabi alitaka kuchukua shuka na fimbo yake. Akawa anatoka na Mheshimiwa anaingia, wakakutana mlangoni ambapo hapapishani watu wawili. Nkwabi alimpisha, kwa kuwa ni mkubwa wake.

"Mzee," alimwambia, "usilale upande wa dirisha. Bati limetoboka pale, mvua inashuka yote kitandani. Mimi nilikuwa nakaa hapa kwenye kona, nimechuchumaa. Shuka nakuachia. Sisi tunawahi ng'ombe, wamelala njaa."

Akaondoka na mkewe, yeye mbele na fimbo mabegani, Philomena nyuma akimsema kwa kuacha shuka jipya.

Mheshimiwa aliinua macho kwenye bati. Mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka milimani.

"Nickolaus," alisema, "hili paa kwa nini halijatengenezwa?"

"Ombi liko mezani kwako Mheshimiwa, tangu masika yaliyopita. Uliandika 'Wasubiri.'"

"Nipe kalamu. Nalipitisha sasa hivi."

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba kalamu ipo, ila sahihi yake imesimama. Anayekaimu ni mimi, na mimi siwezi kupitisha matumizi peke yangu bila kamati, maana hivyo ndivyo alivyonifundisha mwenyewe.

Mvua ilianza kabla sijafika barazani. Kikao ni Alhamisi.